Masikio Mawili: Majibu ya Maswali Yenu

Nikivaa spika ya sikioni upande mmoja tu, si bado nasikia honi? (Dereva wa bodaboda, Mbagala)

Honi utaisikia, ila hutajua imetokea upande gani, na upande ndio wa kukuokoa. Mlio wa kuliani hulifikia sikio la kulia kwanza, la kushoto baadaye. Tofauti hiyo haifiki hata elfu moja ya sekunde, lakini ubongo huipima. Mlio mwembamba nao huzuiwa na kichwa, ukafika sikio la pili umefifia. Mwanafizikia Mwingereza Rayleigh aliyafafanua haya tangu 1907. Ukiziba sikio moja, vipimo vyote viwili umeviharibu. Itoe. Umebeba roho ya mtu nyuma.

Mbona mlio wa mbele na wa nyuma nauchanganya?

Kwa sababu hufika masikio yote kwa pamoja. Geuza kichwa kidogo, utajua.

Sauti ya juu si ndiyo sauti kubwa?

Hapana! Kila mwezi naulizwa hili. Kiswahili kimeshatutenganishia: kuna sauti nyembamba na nene, halafu kuna kubwa na ndogo. Wembamba ni wingi wa mitikisiko kwa sekunde. Ukubwa ni nguvu yake. Mbu ana mlio mwembamba, tena mdogo. Acheni hiyo "ya juu", inawapoteza.

Simu haina besi, mbona sauti ya baba hubaki nzito?

Swali tamu. Tuseme sauti yake hutikisika mara 120 kwa sekunde. Simu za kawaida zilipitisha kuanzia 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo ile 120 haikufikii kabisa. Lakini sauti hiyo hubeba pia mitikisiko ya mara mbili, mara tatu na zaidi ya 120. Zinazofika ni 360, 480, 600 na kuendelea. Ubongo huona zimepishana kwa 120, ukakusikizisha uzito ambao simu haikuuleta.

Nikitoka ngoma ya kigodoro masikio hulia nziii hadi asubuhi. Dawa?

Dawa ni kukaa mbali na spika. Kila sikio lina seli za kusikia kama 15,000 zenye vinyweleo, na zikifa hazioti tena. Hutangulia kufa zile za sauti nyembamba, ndiyo maana mtu husikia anaongeleshwa lakini "s" na "f" zinampita. Kwa wafanyakazi, kikomo kinachopendekezwa ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15, na kigodoro hukesha. Mlio ukiendelea siku ya pili, muone daktari wa masikio. Na nyie mnaowalaza watoto wachanga nyuma ya spika harusini, waondoeni.