Re: Kwa nini Grasse ndiyo mji wa manukato?

Mkuu, umeuliza imekuwaje mji mdogo kama Grasse, kusini mwa Ufaransa, ukawa makao ya manukato. Usicheke: chanzo ni uvundo wa ngozi! Mji uliishi kwa kutengeneza ngozi, na glavu zake zilinuka. Karne ya 16 wakubwa wakazipenda glavu zilizotiwa harufu nzuri ya maua. Mwaka 1614 Mfalme Louis XIII akawatambua rasmi mafundi wa glavu na manukato. Biashara ya ngozi ilipodorora, maua yakabaki.

Asumini, ndugu ya hii yetu ya vikuba, ilitandazwa juu ya mafuta mgando ya wanyama. Mafuta yanafyonza harufu, maua yanabadilishwa tena na tena mpaka mafuta yashibe, kisha mafuta hayo yanaoshwa kwa spiriti ili kuitoa harufu. Mimi nisingekuwa na subira hiyo.