Usibane tumbo mbele ya daktari

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimezungusha futi kwenye viuno vya wanawake wa mji huu, na kuna mteja wa aina moja ninayemjua hata kabla hajanyoosha mikono. Huyo hubana tumbo ninapompima. Anavuta pumzi, anajinyanyua kidogo kwa vidole vya miguu, nami naandika 34 kwenye daftari. Siku ya kuchukua gauni zipu haipandi, na lawama zote ni za fundi.

Nimewacheka sana wateja wa namna hiyo. Sikujua kwamba kwa daktari, mbana tumbo nilikuwa mimi.

Presha walinikuta nayo mwaka 2009, nilipokwenda hospitali kung'oa jino. Muuguzi alinifunga mashine mkononi, akatazama, akaifungua, akanifunga tena. 178/104. Nikapewa kadi ya kliniki na kuambiwa nirudi kila mwezi. Nilirudi kweli, ila kila nikienda namkuta daktari mwingine. Huyu kahamishwa, yule kaenda masomoni, wa tatu ni kijana aliyetoka chuo juzi na benchi zima linamsubiri nyuma yangu. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi kama salamu za njiani: "Dawa unameza, mama?" "Nameza, dokta." "Chumvi umepunguza?" "Nimepunguza." Haya, mwingine apite.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nameza siku ninayoumwa kichwa. Kichwa kikitulia, pakiti inarudi kabatini. Huenda mtu alinieleza kwamba presha inaweza kukutafuna miaka bila kukuuma popote. Kama alinieleza, nilimjibu "nimeelewa" nikiwa nawaza foleni ya dirisha la dawa.

Kisha ukaja mwaka 2011. Nchi nzima ilikuwa inapanda magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti, iliyosemwa inatibu magonjwa sugu, cha Babu Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Nami, Mwislamu wa Ngamiani, nikapanda. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Kilichonitoa jasho ni nauli. Nilirudi Tanga nimeacha vidonge kabisa, nikakaa hivyo miezi minne. Niliporudi kliniki mashine ilisoma juu kuliko siku ya kwanza. Daktari akaniuliza swali lile lile, nikampa jibu lile lile. Angefanya nini? Kwa maneno yangu, dawa ilikuwa inamezwa na haifanyi kazi. Akaniongezea ya pili. Mwaka uliofuata mwingine akaniongezea ya tatu. Walikuwa wananishonea kwa vipimo nilivyowapa.

Mwaka 2014 niliteleza uani nikavunjika mkono wa kulia. Binti yangu akaja kuniuguza. Mtoto huyo ni mtu wa utaratibu, sijui kaurithi wapi. Alisoma kadi yangu ya kliniki mstari kwa mstari, akaanza kunipa dawa zote tatu, kwa saa, na anasimama pale mpaka nimeze. Siku ya nne, alfajiri, nilinyanyuka kwenda kutia udhu. Sikufika. Wananiambia walinikuta chini karibu na pipa la maji, kopo bado liko mkononi. Hospitali mashine ilisoma 84/50, presha imeanguka mno.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa tatu. "Shikamoo mama," akasema, akavuta kiti akakaa. Nataja kiti kwa sababu katika miaka mitano hakuna daktari aliyekaa karibu nami hivyo. Aliisoma kadi, akamtazama binti yangu, akamwambia kwa upole, "Dada, naomba utusubiri nje kidogo." Mlango ulipofungwa akaniuliza: "Mama, kabla dada hajaja, katika wiki ya siku saba, hizi dawa ulikuwa unameza siku ngapi?"

Hakuniuliza kama nameza. Aliniuliza siku ngapi. Nikajikuta nimesema mbili, pengine moja. Baada ya hapo nilishindwa kujizuia, nikamwaga yote mpaka ya kikombe. Nilijua atanifokea. Alicheka kidogo, akasema, "Na mama yangu alikwenda."

Akaniondolea dawa mbili, akanibakishia moja, akaniambia nirudi baada ya wiki. Tulianza upya kama watu wasiojuana. Baadaye aliirudisha ya pili, na baada ya miezi miwili mitatu nilikuwa nacheza kwenye 138/86. Ya tatu sijaihitaji mpaka leo.

Sasa, wengi wataniuliza nilimpataje awe "daktari wangu", maana hospitali ya serikali haikupangii mtu. Nilimtafuta kama unavyotafuta fundi mzuri wa gari. Kwanza nilimuuliza jina lake kamili nikaliandika. Pili nilimuuliza siku yake ya kliniki, akasema Jumanne. Tatu, na hili watu hulidharau, nilijenga urafiki na dada wa mafaili, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani yupo chumba gani na nani yuko likizo mpaka tarehe ngapi. Nikifika Jumanne naomba kupangwa kwake. Kuna siku hii imenigharimu saa mbili zaidi kwenye benchi wakati chumba cha pili hakina mtu. Nilikaa. Kwa ugonjwa wa kudumu, saa mbili hizo ni rahisi kuliko kuanza kujieleza kwa mgeni kila mwezi.

Wala si lazima awe daktari bingwa. Jirani yangu ana kisukari, na mtu wake ni tabibu wa zahanati hapo mtaani. Anamjua mpaka ugomvi wa familia yao, na akiona hali imemzidi anamwandikia rufaa mapema. Simwonei huruma hata kidogo, ana bahati.

Faili langu limeshapotea mara mbili, kwa hiyo nina daftari langu mwenyewe, la shule, lenye gamba gumu. Naandika tarehe, presha, jina la dawa na miligramu zake, na chochote kigeni nilichokiona mwilini. Baada ya muda nilinunua mashine yangu, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Siku ya kwanza niliibeba kliniki tukapima na ya kwao, moja baada ya nyingine, tuone kama zinasema lugha moja. Daktari wangu ndiye aliyenifundisha kupima: nikae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kuipandanisha, mkono juu ya meza, na kahawa ya tangawizi ingoje mpaka nimalize. Kabla ya hapo nilikuwa napima nimesimama, naongea na mteja.

Daftari hilo ndilo lililokuja kunifundisha jambo kubwa kuliko presha. Kuna kipindi alinibadilishia dawa akanipa enalaprili. Wiki chache baadaye nikaanza kikohozi kikavu, cha usiku hasa, kama kuna unyoya kooni. Nilinunua dawa za kikohozi chupa tatu. Nilihofia kifua kikuu nikaanza kuwakwepa wajukuu. Yote haya nimeyaandika kwenye daftari, na kwenye chumba cha daktari sikuyasema, maana niliona haya kuonekana nalalamikia dawa aliyonipa kwa nia njema. Yeye ndiye aliyelichukua daftari siku moja, akapitisha kidole, akasimama. "Kikohozi hiki kimeanza lini?" Kumbe dawa za jamii hiyo huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hiyo. Akanipa losartani, na baada ya wiki kadhaa kikohozi kikaisha chenyewe. Fedha ya chupa tatu sikurudishiwa na mtu.

Kwa hiyo siku hizi nasema hata la aibu. Nilimwambia kwamba mgongo wa cherehani ukinishika nameza diklofenaki, dawa za maumivu ninazonunua dukani. Hapo ndipo nilipomwona amekunja uso kweli, kwa sababu dawa hizo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Nilimwambia unga wa mlonge ninaotia kwenye uji, hakucheka, aliuandika. Nilimwambia pia la fedha, na hili lilikuwa gumu kuliko kikombe cha Babu. Dawa ikikosekana dirishani unaambiwa ukanunue nje, unainamisha kichwa, unanunua vidonge kumi, unavigawa kwa siku ishirini. Nilipomwambia wazi, "Dokta, hii siwezi kuinunua kila mwezi," alifikiri kidogo akaandika nyingine inayopatikana hapo hapo hospitali. Ilikuwepo siku zote. Nisingemwambia, angejuaje?

Neno "nimeelewa" nimeliacha kabisa. Mahali pake narudia kwa mdomo wangu: "Kwa hiyo hii asubuhi, hii usiku, na miguu ikivimba nirudi bila kusubiri Jumanne." Akiona nimekosea ananirekebisha. Na kuna siku nilimrekebisha mimi. Alikuwa amechoka, kliniki ilikuwa imefurika, akaandika enalaprili ile ile ya kikohozi. Moyo ulinienda mbio kana kwamba naiba. Sisi tumelelewa kwamba mtu aliyesoma habishiwi, na hasa akiwa amevaa koti jeupe. Nikamfungulia daftari ukurasa wa kikohozi, sikusema neno. Akatazama, akakata alichoandika, akasema, "Asante mama, umeniokoa." Tangu siku hiyo nilimwamini zaidi kuliko nilivyomwamini alipokuwa hakosei.

Mambo mawili madogo ya adabu. Simu yake alinipa baada ya mwaka mzima, bila mimi kuomba, na nilijiwekea sheria: linaloweza kungoja mpaka Jumanne, lingoje. Na linalotisha, kama kifua kubana au mdomo kwenda upande, halitumwi kwa WhatsApp. Hilo ni la kukimbilia hospitali iliyo karibu usiku huo huo. La pili ni shukrani. Mwanzoni nilimwekea bahasha mezani kwa ile mila yetu tuijuayo. Aliisukuma kwa kidole kimoja ikarudi upande wangu kama kitu cha moto, tukaendelea kuzungumza habari za chumvi. Msimu wa maembe nilipopeleka kapu, akalipokea na kuligawa kwa wauguzi wote mbele yangu.

Sidai kwamba kila daktari anafaa kung'ang'aniwa. Kabla ya huyu nilipita kwa mmoja aliyekuwa anaandika dawa kabla sijakaa, na mlango uko wazi, na mgonjwa mwingine yuko kwenye kona anasikiliza habari zangu. Naye nilimvumilia, kwa uoga tu. Leo ningesema, "Dokta, naomba tufunge mlango." Akikataa, ningetafuta Jumanne nyingine.

Mwaka jana daktari wangu alihamishwa mkoa. Aliniaga wiki mbili kabla, akaomba lile daftari, akajaza ukurasa mzima kwa mwandiko ambao kwa mara ya kwanza ulisomeka: dawa zilizofaa, zilizoshindikana na sababu yake, kipimo cha figo cha mwisho, na chini kabisa, "Anasema kweli ukimuuliza siku ngapi." Nilikwenda kulia chooni, sioni aibu kusema.

Aliyeshika chumba chake ni binti mdogo, mwembamba, ana sauti ya chini. Aliniamkia, akausoma ukurasa ule mpaka mwisho, akainua macho.

"Haya mama. Wiki hii umemeza siku ngapi?"

"Tano," nikamwambia. "Jumamosi na Jumapili kulikuwa na harusi, nilirudi usiku mkubwa nikajitupa kitandani na nguo zangu."

Akavuta kiti.