Kamera iwe mkononi, si begini

SWALI: Mimi ni mbunifu wa michoro, Dar es Salaam. Nikiona maandishi mazuri ubavuni mwa daladala, hadi nitoe kamera gari limeshaondoka. Nikiwahi, picha ina ukungu. Nifanyeje?

JIBU: Ukungu huo ni wa mwendo, shata yako (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ni ya polepole. Mchana weka shata 1/1000 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe. Ukiwa na lenzi ya milimita 28 kwenye sensa ya fremu nzima (ukubwa wa filamu ya milimita 35), funga fokasi, yaani umbali ambao picha hutoka kali, kwenye mita 3: kila kitu kati ya mita 2 na 30 kitatoka safi bila kusubiri kamera itafute fokasi. Kifuniko cha lenzi kiache nyumbani. Kamba ya kamera, kifundoni mwa mkono.

Gari likisimama, piga tena ukilikabili wima. Ukipiga kwa mshazari herufi za mbali husinyaa, na hapo huwezi kupima uwiano wake.