Re: Hodi Mji wa Kale, miaka ya 1910

Ndugu, uliuliza kijana wa mchezo wako wa kuigiza abishe hodi vipi kwenye nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa: asianze na mlango. Wazee wakiwa barazani, yeye mpitaji ndiye atangulize salamu, "Asalaam alaykum", kisha shikamoo, angoje marahaba. Baraza tupu, ndipo apige hodi, asimame kando ya mlango. Kusimama mkabala ni kuchungulia ua wa watu, na hapo ndipo waigizaji wengi huharibu. Hodi tatu, kimya, aondoke bila kinyongo. Akijibiwa na sauti ya kike kwamba mwenyewe hayupo, aache ujumbe papo hapo. Akikaribishwa, makubadhi (ndara za ngozi) yabaki nje, kofia ibaki kichwani (kuivua ni adabu ya Wazungu), na kahawa aipokee kwa mkono wa kulia.