Maswali ya Wasomaji: Mbona uso hauna macho?

SWALI: Mhariri shikamoo. Kuna picha ya Monet nimeiona, wanawake wawili wamekaa bichi na miamvuli, mmoja kavaa nyeupe mwingine nyeusi. Sasa mbona nyuso hazina macho wala mdomo wa kueleweka, kama aliichoka akaiacha njiani? Halafu bichi gani mtu unajifunika hadi shingoni?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hiyo Monet, mchoraji wa Kifaransa, aliichora 1870 huko Trouville, mji wa ufukweni kaskazini mwa Ufaransa, siku hizi iko National Gallery, jumba la picha pale London, na ni kapicha kadogo tu, sentimita 38 kwa 46 na kitu, unakabeba kwapani.

Hakuiacha njiani bwana. Aliichora palepale ufukweni upepo ukimpiga, na ushahidi upo, maana wataalamu walipoichunguza rangi wakakuta punje za mchanga zimegandia ndani yake! Sasa mtu anachora hivyo, jua linahama, wingu linakuja, kope atazichora saa ngapi? Yeye alikuwa anaukimbiza mwanga. Na huyo wa nyeupe ni Camille, mkewe, sura yake anaijua vizuri tu, ila uso ulikuwa kwenye kivuli cha mwamvuli na yeye akachora kivuli alichokiona, basi. Mwenye nyeusi inadhaniwa ni mke wa Boudin, mchoraji aliyemzoesha Monet kutoka nje na brashi zake tangu akiwa kijana. Rangi za kwenye tyubu nazo zilisaidia, zilikuwepo tangu miaka ya 1840, unatia mkobani unaondoka.

Kuhusu nguo, kwanza usifikirie joto la Tanga, bahari ya kule ni baridi. Pili wenye hela wa Paris walikuja na treni kupunga upepo na kuonekana, kuungua jua ilikuwa dalili ya mtu wa kibarua, kwa hiyo mwamvuli haukuwa urembo tu. Monet mwenyewe hela hakuwa nayo, ndo kwanza kaoa Juni mwaka huohuo, Julai Ufaransa ikaingia vitani na Prussia, dola ya Wajerumani, na kabla mwaka haujaisha wakawa wamekimbilia London.

Ukiifungua tena kwenye simu, zuum lile gauni jeupe uone brashi zilivyo chache na nene, halafu rudisha nyuma taratibu, utaona gauni linajikusanya lenyewe.