Kuku wamechanjwa Mareksi lakini wanapooza
Pole sana dada. Unauliza kama kirusi cha Mareksi, ugonjwa wa kuku unaoleta kupooza na uvimbe wa saratani, kimebadilika, maana vifaranga walichanjwa siku ya kwanza na sasa, miezi mitatu, wanalala mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Inawezekana. Jeni yake iitwayo meq, inayochochea uvimbe, hutofautiana kati ya aina na aina, na aina kali zimewahi kuishinda chanjo ya HVT (inayotokana na kirusi cha bata mzinga). Ndipo Rispens, chanjo nyingine yenye nguvu zaidi, ikatumika zaidi. Tena chanjo huzuia ugonjwa tu, kirusi bado huingia na kutoka na vumbi la manyoya. Ila mimi ningeanza na banda: kinga huchukua wiki hivi kujengeka, na maranda ya zamani huwaambukiza vifaranga kabla ya hapo. Peleka mmoja maabara ya mifugo apasuliwe, maana leukosi, ugonjwa mwingine wa kuku unaofanana na Mareksi, nayo huvimbisha ini.