Uliza Ujibiwe: Eagani, kanga na huu upepo wetu wa Dodoma

Wiki hii maswali ya bunduki za upepo, hizi eagani, yamejaa sana, sijui mmeambizana. Nimechagua machache, yale yanayofanana nimeyajibu pamoja, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo anko. Mi niko Hombolo, kuna hela nimeweka nataka ninunue bunduki ya upepo niwe napiga kanga na kwale. Jamaa mmoja ananiambia chukua 4.5 maana ina spidi, kwenye boksi imeandikwa futi 1200 kwa sekunde, mwingine anasema 5.5 ndo mpango mzima, alafu wote wawili wanasema haihitaji kibali kwa sababu haitumii baruti. Nichukue ipi?

Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho maana ndo linaloweza kukulaza ndani. Kukosa baruti hakuigeuzi bunduki kuwa mchezo wa watoto. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo, ile ya Girandoni, tangu miaka ya 1780 hivi, na haikuwa ya kupigia ndege wa bustanini. Hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwahiyo kabla hujatoa hata mia nenda kituo cha polisi cha wilaya, waambie ni bunduki ya aina gani na unataka uifanyie nini, wakupe utaratibu. Usimsikilize muuza duka na usimwagize shemeji akuletee kwenye begi akitoka safari. Na hiyo ni ya bunduki tu, kuwinda kuna leseni yake pembeni: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haimwangalii tembo peke yake, kanga na kwale nao ni wanyamapori, hata kama wanalala kwenye mgunga wa nyuma ya nyumba ya babu yako. Maofisa wanyamapori wa wilaya wapo, waulize unaruhusiwa kupiga nini, wapi na msimu gani. Swagaswaga na Mkungunero usikanyage na bunduki, yale ni mapori ya akiba.

Haya sasa tuje kwenye hizo namba. 4.5 na 5.5 ni kipenyo kwa milimita cha peleti, yani kile kidude inachokirusha, basi. Bunduki yenye springi ya kawaida inatoa nguvu karibu ileile kwa zote mbili, tofauti ni kwamba peleti ndogo inaenda mbio na kubwa inaenda taratibu ila ina uzito. Chukua mfano wa bunduki ya jouli 16 (jouli ndo kipimo cha nguvu yake), ambayo ndo kikomo cha England kwa bunduki ya upepo isiyo na leseni, na wenzetu kule wanapiga nayo sungura na njiwa miaka yote: 4.5 inatoka kama mita 240 kwa sekunde, 5.5 inatoka kama 175. Ukirekebisha skopu, ile darubini ya kulengea, ipige palepale kwa mita 25 alafu ndege akawa mita 40, ile 4.5 inashuka sentimita 4 au 5, ila 5.5 inashuka kama 11. Yani ukikosea kukadiria umbali na 5.5 unapiga vumbi, au kibaya zaidi unampiga tumboni akaenda kufia porini umkose wewe na fisi amle.

Kwahiyo utasema basi 4.5. Subiri. Wewe uko Hombolo, kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa ule upepo unaotoka kusini mashariki unaujua, unapiga kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, na peleti nyepesi hiyohiyo inasukumwa pembeni sentimita kadhaa kwenye mita 30 tu, inatosha kuhama kutoka kichwani hadi kifuani. Na kanga kifuani ana manyoya mazito na nyama, ndege wa kilo moja na zaidi huyo. Mi kwa kanga na kwale na kwa umbali mfupi nakwambia chukua 5.5. Ukiniambia ni tetere peke yake ningekwambia 4.5 na wala nisingebishana.

Hiyo futi 1200 ya kwenye boksi isahau kabisa. Wanapima kwa vipeleti vyepesi vya aloi visivyo na kazi porini, na ikikaribia spidi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, peleti inaanza kuyumba. Bunduki ya taratibu inayopiga palepale ulipoitazamisha inaua kuliko hiyo yenye mbio.

Na hapa ndo penyewe, maana kila barua inauliza nguvu nguvu nguvu na hakuna aliyeuliza atapiga kutoka mita ngapi. Kanga unampiga kichwani au pale shingo inapoanzia, kwingine usipige. Kichwa chake kile cha bluu chenye kipembe ukitoa kipembe ni kadogo, na hakitulii, anadonoa anainua anadonoa anainua. Kwahiyo chukua vifuniko vya soda, vibandike kwenye boksi lenye mchanga, kaa vile utakavyokaa porini yani chini, au goti moja, siyo kwenye meza, upige vitano. Vyote vitano vimetoboka mita 20? Vizuri, rudi 25. Ukifika mahali unakosa kimoja, sogea mbele mita tano, na huo ndo umbali wako wa mwisho hata kanga awe amenona vipi. Kwa watu wengi na bunduki ya springi inaangukia mita 20 hadi 30. Anayekwambia anapiga kanga mita 60 na eagani ya jouli 16, mnunulie soda umwache aendelee kusimulia.

Kundi likiwa linakula jipange mapema, kaa na kichaka nyuma yako siyo mbele, ukiwa tayari piga mluzi mdogo, mara nyingi mmoja atanyanyua shingo atulie sekunde moja au mbili, hapo hapo. Kabla hujabonyeza triga angalia nyuma yake kuna nini. Hii nchi yetu ni ya mawe, miamba kila mahali, na peleti ikigonga mwamba inarudi au inaruka pembeni. Peleti iliyokosa inaweza kwenda mita mia tatu na zaidi, na huko mbele kuna mtoto anachunga mbuzi. Kumpiga amelala juu ya mti usiku kwa tochi siyo kuwinda, sitaki hata kuulizwa.

Habari mkuu, niko Manyoni. Eagani yangu ni ile ya kuvunja mtutu kukaza springi, nilifunga skopu niliyotoa kwenye raifo ya mzee, skopu nzuri kabisa, lakini sasa hivi kitu cha msalaba ndani kimelegea na matundu yanatawanyika hovyo. Shida ni bunduki au skopu?

Shida ni ndoa yao. Raifo ya risasi inarudi nyuma tu. Bunduki ya springi ina pistoni ndani, springi ikiachia pistoni inaenda mbele na bunduki inarudi nyuma, alafu pistoni inafika kwenye mto wa hewa inasimama ghafla na bunduki inarushwa mbele, vyote hivyo vinaanza peleti haijatoka mtutuni. Skopu ya raifo imeundwa kuvumilia mtikisiko wa upande mmoja, huu wa pande mbili unailegeza. Alafu nyingi zimepangwa kuona vizuri kuanzia yadi 100, kwa mita 20 unaona ukungu. Nunua iliyoandikwa kabisa ni ya eagani, na vishikio vyake viwe na pini ya kuzuia kuteleza, la sivyo utaikuta imetambaa nyuma kidogo kidogo na wewe unalaumu peleti.

Ila na ushikaji uangalie. Najua mmezoea gobole, mtu anaikaba kweli kweli. Hii usiikabe. Kiganja cha kushoto kiwe wazi, ilaze juu yake mahali palepale kila siku, bega liguse tu, iachie itikisike inavyotaka. Ukiiegemeza moja kwa moja kwenye jiwe au kwenye tawi itapiga juu, weka mkono katikati. Kaza skrubu za kitako, zinalegea zenyewe na watu hawazigusi mwaka mzima.

Umeandika pia kwamba ukipiga inatoa moshi na harufu ya mafuta ya kuungua. Nani amekutilia mafuta kwenye tundu la hewa? Hewa ikibanwa ghafla inapata joto kali, mafuta yanawaka humo ndani, inapiga kishindo kama bunduki ya kweli na siku si nyingi inakata springi na sili, ule mpira wa kuzuia hewa. Mafuta ya cherehani na oili ya pikipiki yaache kwa wenyewe. Na usiifyatue ikiwa tupu, peleti ndo inayoizuia pistoni isijigonge ukutani. Ukiwa unapakia shika mtutu kwa mkono usiuachie, triga ikiponyoka huo mtutu unajifunga kwa nguvu na vidole vyako vipo.

Anko hizi PCP zikoje? Nasikia hazina mtikisiko. Upepo naweza kujazia kwa fundi pancha?

Kweli karibu hazina, maana hazina springi, zinabeba hewa iliyojazwa kabisa kwenye mtungi wake, na kwa kulenga ni tamu mno, mtu anajifunza siku moja. Ila zinataka hewa ya bar 200 na kuendelea, kompresa ya fundi pancha inatoa kama bar 8 hadi 10, haitafika hata robo. Utahitaji pampu yake ya mkono, na utatoka jasho, au mtungi wa wazamiaji ambao Dodoma utaupata wapi sijui labda uufuate Dar. Kitu kimoja nakwambia kwa herufi kubwa: USIJAZE OKSIJENI ya mafundi wa kuchomelea. Oksijeni ya mgandamizo ikikutana na grisi kidogo tu humo ndani inalipuka, na mtungi wenyewe uko chini ya shavu lako. Nimeandika hivi kwa sababu wameuliza wawili.

Kaka mhariri mimi ni mama mkulima wa zabibu, Mpunguzi. Ndege wananimalizia matunda na mwaka jana kwenye uwele walikuja kweleakwelea wakala kila kitu. Mume wangu anataka tununue hiyo bunduki. Itasaidia?

Mama pole, na jibu langu litamkera baba. Haisaidii. Shore na kwezi wakizoea zabibu zinazoiva unapiga mmoja wenzake wanarukia mstari wa pili, baada ya dakika kumi wamerudi. Alafu shambani kuna vibarua ndani ya mizabibu hawaonekani, kuna nguzo za kudundisha peleti, na ile mipira ya kumwagilia kwa matone, peleti moja imepita hapo utajua maji yanavuja ukikuta mche umekauka na mwingine umezama. Hiyo hela nunueni nyavu, mfunike ile mistari inayowahi kuiva tu, maana na nyinyi mnavuna mara mbili kwa mwaka zitafanya kazi misimu yote. Kuwe na mtu wa kuamia asubuhi na jioni, saa hizo ndo wanakula.

Kweleakwelea ni habari nyingine kabisa. Ndege mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, ukisema kidogo, sasa zidisha kwa kundi la laki kadhaa. Hao serikali inawapulizia dawa kwa eropleni jioni wanapoingia kulala, na ili ije lazima mtu ametoa taarifa. Mkiona makundi yanaingia kwenye matete au migunga jioni, mwambieni afisa ugani siku hiyohiyo na mumwonyeshe mahali wanapolala, kumwonyesha shamba lililoliwa hakusaidii kitu.

Mwanangu ana miaka 11, anaweza kupewa?

Hapana. Manati aliyonayo inatosha, na hiyo pia mwangalie na vioo vya majirani.

Nikipiga ndege na peleti ya risasi nyama inalika? Mke wangu anakataa kupika.

Inalika, ila mama ana sababu. Peleti ni madini ya risasi, laini, ikigonga mfupa inaacha vipande vidogo usivyoviona. Fuata tundu lilikoingia na lilikotokea, kata nyama yote ya pembeni yake yenye damu nyeusi, upana wa vidole viwili hivi kila upande, itupe chooni au ichimbie, mbwa na kuku usiwape. Ndo maana nyingine ya kupiga kichwani, unakata shingo hapo umemaliza na nyama yote iko safi. Wanaobeba peleti mdomoni ili wapakie haraka waache, inaingia mwilini kidogo kidogo na haitoki upesi, na ukishamaliza kupiga nawa mikono kwa sabuni kabla hujashika ugali.